Merikani: Neno, Nguo na Biashara ya Dunia Katika Karne ya Kumi na Tisa

Miongoni mwa maneno ya mkopo yaliyomo katika kamusi za Kiswahili, merikani ni neno ambalo mwanafunzi hulipita upesi. Huambiwa kwamba ni kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa wala kutiwa rangi, na kwamba asili ya neno ni jina la nchi ya Marekani. Baada ya hapo haoni la kuuliza. Nasi walimu aghalabu humwacha hapo, kwa sababu tumezoea kuihesabu kazi ya utohozi kuwa imekwisha pindi tunapolitaja neno la asili na kueleza jinsi lilivyopokea irabu mwishoni. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba hapo ndipo kazi inapoanza. Neno hili moja lilizifunga pamoja bandari ya Salem, mashamba ya pamba ya kusini mwa Marekani, forodha ya Unguja, misafara ya Unyamwezi na, baadaye, viwanda vya Bombay. Na mambo ambayo neno lenyewe halikuyasema yana uzito sawa na yale liliyoyasema.

Yafaa kwanza tutanabahi kwamba merikani haikufika pwani iliyokuwa uchi. Ibn Battuta, alipopita Mogadishu mwaka 1331, alikuta nguo zilizofumwa mjini humo zikichukua jina la mji na kupelekwa hadi Misri. Wafumaji wa Benadir waliendelea na kazi yao karne nyingi baada yake. Na huko bara, Unyamwezi na Ufipa, vitanda vya mfumi vilikuwapo wakati wasafiri wa Kizungu walipofika. Kutoka Bara Hindi zilikuja nguo za namna nyingi, nazo ziliacha majina yao katika lugha: bafta, kaniki, na nyinginezo. Neno ulaiti, lililotokana na jina ambalo Wahindi na Waarabu waliliita Ulaya, lilikwisha kutenga nguo za Kizungu katika kundi lao. Msamiati wa nguo, basi, ulikuwa tayari mpana na wenye kupambanua mambo madogo kabla Mmarekani wa kwanza hajatia nanga. Neno jipya liliingia katika mfumo uliokuwa na nafasi ya kulipokea, na lilipewa nafasi hiyo kwa sababu mnunuzi aliona tofauti iliyostahili jina.

Wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walianza kuzuru Unguja katika miaka ya 1820. Tarehe 21 Septemba 1833, Edmund Roberts alitia sahihi mkataba na Seyyid Said huko Maskati, mkataba uliowapa Wamarekani haki ya kufanya biashara katika himaya yake kwa kulipa ushuru wa asilimia 5 juu ya bidhaa zilizoteremshwa. Mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akafika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake. Waingereza walikuwa hawajafungua ofisi ya namna hiyo kisiwani. Waters alielewana mapema na Jairam Shivji, Mhindi aliyekodi forodha, na kwa miaka kadhaa mfanyabiashara mwingine wa kigeni alipata taabu kuuza wala kununua bila ya kupitia mikononi mwa wawili hao. Kwa hiyo tukisema kwamba biashara hii iliendeshwa na Wamarekani tutakuwa tumesema nusu tu. Mtaji na mikopo iliyoipeleka nguo bara ilikuwa ya Wahindi; misafara ilikuwa ya Waswahili, Waarabu na Wanyamwezi.

Kwa nini merikani ikazishinda nguo nyingine? Hapa ushahidi wa lugha watusaidia. Kiswahili kina neno dondo, yaani wanga unaotiwa katika nguo mpya ili ionekane nzito. Nguo nyingi za Kiingereza zilijazwa dondo. Zikifuliwa mara moja hubaki nyepesi kama utando. Merikani ilikuwa nzito kwa pamba yake yenyewe. Mnunuzi wa Tabora au Ujiji hakuhitaji kuelezwa habari za Massachusetts. Aliisugua nguo kwa vidole, akaitambua. Viwanda vya Uingereza vilijaribu kuiiga, lakini wenyeji walikataa kudanganyika. Wasafiri walijifunza jambo hili kwa gharama. Stanley, alipokuwa akijitayarisha Unguja mwaka 1871, ilimbidi aulize ni nguo gani ipokewayo katika nchi gani na kwa kadiri gani, kwani msafara uliochukua nguo isiyotakiwa ulichukua mzigo mtupu. Shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane, na jora la merikani lilikaribia yadi 30. Kwa vipimo hivi mpagazi alilipwa, chakula kilinunuliwa, na wakuu wa Ugogo walilipwa haki yao iliyoitwa hongo, neno ambalo siku hizo lilikuwa na heshima kuliko lilivyo leo. Merikani haikuwa nguo tu; ilikuwa fedha.

Ni kosa, kwa hiyo, kumsawiri Mwafrika wa wakati huo kama mpokeaji aliyevishwa chochote kilichobaki katika maghala ya Wazungu. Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake Domesticating the World cha mwaka 2008, ameonyesha kwa kirefu jinsi mapendeleo ya wanunuzi wa Afrika Mashariki yalivyowalazimisha watengenezaji wa ng'ambo kufuata matakwa yao. Twaweza kuongeza kwamba kilipoanza kufanya kazi huko Salem, mwaka 1847, kiwanda cha Naumkeag kilichoendeshwa kwa mvuke, fundi wa kiwanda hicho, alijua au hakujua, alikuwa akimfumia pia Mnyamwezi.

Uhusiano huu haukuwa wa upande mmoja hata kwa safari za baharini. Mwaka 1840 Seyyid Said alituma New York merikebu yake Sultana, iliyoundwa Bombay, ikiwa imepakia pembe za ndovu, karafuu, tende, kahawa na ngozi, pamoja na zawadi kwa Rais Van Buren zikiwamo farasi wawili. Msimamizi wake alikuwa Ahmad bin Na'aman, ambaye picha yake iliyochorwa huko ingali imehifadhiwa Salem. Zawadi zile zilizua mjadala katika Baraza la Congress, kwa kuwa sheria ilimkataza Rais kupokea zawadi za wafalme. Farasi waliuzwa, fedha zikatiwa hazina. Sultana ikarudi na shehena ambayo ndani yake mlikuwamo merikani.

Sasa tugeukie bidhaa iliyokwenda upande wa pili. Sandarusi ilichimbwa mrima ikapelekwa Salem kutengenezewa vanishi. Lakini bidhaa iliyodumu zaidi ni pembe za ndovu. Katika bonde la mto Connecticut, viwanda vya Deep River na kijiji jirani vilizipasua pembe hizo kuwa vibao vyembamba vya kufunikia vibonyezo vya piano, kwa kuwa piano ilikuwa pambo la lazima katika nyumba ya Mmarekani wa tabaka la kati. Kijiji hicho jirani kiliitwa, na kingali kinaitwa, Ivoryton, yaani mji wa pembe. Hapa pana jambo la kumshughulisha mwanaisimu. Kiswahili kiliipa nguo jina la nchi ya wale walioileta. Kiingereza cha Connecticut kilikipa kijiji jina la kitu kilicholetwa, bila ya kutaja kilikotoka. Msemaji wa Kiswahili aliyetamka merikani alikuwa na Marekani kinywani mwake, ajapokuwa hakuifikiria. Mkazi wa Ivoryton aliweza kuishi umri wake wote akilitamka jina la kijiji chake pasina Tabora wala Ujiji kumpitia akilini. Sisemi kwamba kila jina la Kiingereza lilifanya hivyo, maana wafanyabiashara wa vanishi walizungumza juu ya sandarusi ya Zanzibar. Lakini hata hapo walitaja bandari tu, ilhali sandarusi yenyewe ilichimbwa ng'ambo ya pili ya mkondo.

Na hili ndilo jambo lenyewe. Jina la biashara humtaja muuzaji wa mwisho. Merikani ilitaja Marekani, lakini Marekani ipi? Sufi ya nguo hiyo ilichumwa kusini, katika mashamba ya watumwa. Sensa ya mwaka 1860 iliwahesabu watumwa wa nchi hiyo kuwa karibu milioni 4, na wengi wao walikuwa wazawa wa watu waliotolewa Afrika. Ikasokotwa na kufumwa kaskazini, mahali ambapo utumwa ulikuwa umekwisha kukomeshwa, na katika miji kama Lowell wafanyakazi wengi walikuwa wasichana kutoka mashambani, ambao mwaka 1834 na tena 1836 waligoma kwa sababu ya ujira. Kisha nguo hiyo hiyo ilifika Unguja, ikapanda bara, na huko ilinunua pembe, na ilinunua watu pia. Waters alikuwa mtu wa dini aliyechukizwa na utumwa aliouona Unguja, lakini nguo alizoziuza zilikuwa zimeanza safari yao katika mikono ya watumwa na baadhi yake zingeimalizia hapo. Mtumwa wa Alabama na mateka wa Manyema hawakujuana. Kilichowaunganisha ni mkono wa nguo, na neno lililoitwa nguo hiyo halikumtaja hata mmoja wao. Tukilitazama hivi, ukimya wa neno si upungufu wa kamusi tu. Ni namna biashara yenyewe ilivyofanya kazi.

Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Bandari za kusini zilizingirwa, sufi ikaadimika, na merikani ikapungua vibaya katika soko la Unguja. Mafundi wa Lancashire walikosa kazi, na Uingereza ikaigeukia India kwa sufi. Bombay ikafurika fedha, na ingawa wengi walifilisika vita vilipokwisha mwaka 1865, mji ule ulikuwa umekwisha kuonja utajiri wa pamba, na katika miaka ya 1870 viwanda vyake vya kusokota na kufuma viliongezeka kwa kasi. Wakati huo huo mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na kuanzia 1872 meli za barua za Kiingereza ziliiunganisha Unguja na Aden na Bombay kwa mvuke, huku merikebu za Salem zikiendelea kuizunguka Rasi kwa tanga. Wamarekani walirudi sokoni baada ya vita, lakini hawakulishika tena kama zamani. Katika miaka ya 1880 na 1890 Bombay ilituma kitambaa kilichofanana na kile cha Massachusetts, kwa bei ya chini, kikapokewa. Vita vilivyopiganwa kwa ajili ya utumwa wa Marekani vikawa sababu mojawapo ya Mmarekani kupoteza soko Afrika Mashariki na Mhindi kulipata.

Lakini neno halikubadilika. Kitambaa cha Bombay nacho kiliitwa merikani. Hapa mkopo ulikwisha kukata kamba na nchi yake ukawa jina la aina, kama kaniki ilivyokuwa. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba merikani ni nguo kutoka Marekani anaelezwa jambo lililokuwa kweli kwa sehemu tu ya maisha ya neno hilo. Katika miaka ya 1930 nguo za Japani zilijaa Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa kuwa mikataba ya bonde la Kongo ilizuia Uingereza kuzipendelea bidhaa zake katika nchi hizi. Na nguo nzito isiyopaushwa, ijapokuwa imefumwa Osaka, iliulizwa dukani kwa jina lile lile la Salem. Siku hizi umbo Marekani limetwaliwa na nchi yenyewe, na wasemaji vijana wengi hawajui kwamba liliwahi kuvaliwa.

Ndiyo maana somo la utohozi likifundishwa kwa orodha ya maneno na lugha za asili humpotosha mwanafunzi bila ya kusema uongo. Neno la mkopo lina tarehe ya kuingia, lina watu waliolihitaji, na lina siku lililoachana na kile lilichokuwa likikitaja. Mambo haya hayapatikani kwa kulinganisha konsonanti. Hupatikana katika vitabu vya forodha, barua za mabalozi, na kumbukumbu za wenye maduka na washonaji, ambao wakati mwingine hujua zaidi ya watunga kamusi. Mathalani, katika miaka ya 1950 kiwanda kikubwa cha nguo kilijengwa Jinja, kando ya Mto Naili, kitumie pamba ya Uganda na umeme wa Maporomoko ya Owen. Kitambaa chake kigumu kilivuka mpaka kikaja Kenya kushonwa sare za shule, na washonaji wakakiita jinja.