George A. Romero

George Andrew Romero (4 Februari 1940 – 16 Julai 2017) alikuwa mwongozaji wa filamu za kutisha kutoka Marekani. Alizaliwa New York, akasoma Pittsburgh, na huko akaanza kazi kwa kutengeneza matangazo ya biashara.

Filamu yake ndefu ya kwanza, Night of the Living Dead (1968), haikuwa ya rangi na iligharimu takriban dola 114,000. Watu wamejifungia katika nyumba ya shambani, na maiti waliofufuka, wala nyama ya watu, wameizingira. Mhusika mkuu, Ben, aliigizwa na Duane Jones, mwigizaji mweusi, jambo lililokuwa nadra siku zile. Ben ananusurika usiku kucha. Asubuhi anapigwa risasi na watu walio hai waliokuja kuwasaka maiti. Hakuna tukio katika kazi zote za Romero linalouma kuliko hilo. Msambazaji alipobadilisha jina la filamu, tangazo la hakimiliki liliachwa nje, ikawa mali ya umma, na watengenezaji wakakosa mapato mengi.

Kwa Romero, maiti walikuwa janga tu, kama mafuriko. Kilichomshughulisha ni jinsi walio hai wanavyoshindwa kuelewana. Dawn of the Dead (1978) aliirekodi usiku katika jengo la maduka la Monroeville, akikosoa uroho wa kununua. Day of the Dead (1985) inawagonganisha wanajeshi na wanasayansi. Martin, kuhusu kijana anayeamini kuwa ni mnyonya damu, haitajwi sana, ingawa Romero mwenyewe aliipenda kuliko filamu zake zote.