Makunyanzi ya bibi zetu Usukumani yanatoka wapi?

Leo siasa naziweka pembeni kidogo. Bado kuna vijana wenzetu, tena waliomaliza shule, ambao ukiwauliza watakwambia bila aibu kwamba bibi mwenye macho mekundu na uso wa makunyanzi ni mchawi. Eti "alama zake zinaonekana". Na wapiga ramli wanalijua hilo, wanaligeuza mtaji.

Sio utani huu. Takwimu alizochambua mtafiti Simeon Mesaki zinaonyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa Usukumani, yaani Mwanza na Shinyanga za wakati huo (Geita nayo ilikuwa wilaya ya Mwanza mpaka ilipopata mkoa wake 2012). Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na mauaji hayakuishia 1984. Kwa hiyo tuzisome hizo "alama" kwa macho ya sayansi.

Ngozi ina matabaka mawili makubwa, na chini yake kuna mafuta. Lile la juu ni jembamba sana, linajibandua na kujijenga upya kila baada ya wiki kadhaa. Kazi kubwa iko kwenye tabaka la ndani. Humo mna nyuzi za protini iitwayo kolajeni, ambazo ndizo zinazoipa ngozi uimara, na nyuzi za elastini, ambazo zinairudisha mahali pake ikivutwa. Jaribu hapo hapo ulipokaa: finya ngozi ya mgongo wa kiganja chako halafu achia. Inarudi fasta, si ndio? Ukimfanyia bibi yako (omba ruhusa kwanza!) itakaa imesimama kidogo ndipo ilale.

Ni kama godoro la sponji. Likiwa jipya unalala, unaamka, linarudi. Likizeeka linabaki na shimo. Kuanzia miaka ya ishirini na kitu, kolajeni hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka. Elastini inakatika-katika, mafuta ya mashavuni nayo yanapungua. Basi pale unapokunja uso kila siku, pembeni ya macho, kwenye paji, kandokando ya mdomo, mkunjo haufutiki tena.

Sasa kwa nini bibi kuliko babu? Mwanamke akikoma hedhi, homoni ya estrojeni inashuka ghafla, na ngozi inaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni ndani ya miaka mitano ya mwanzo. Mwanaume hana mporomoko wa namna hiyo. Hiyo ni sehemu ya siri.

Lakini umri peke yake hauchori uso vile. Jua ndilo fundi mkuu. Kuna mionzi yake inayopenya mpaka tabaka la ndani na kuzikata zile nyuzi. Mwaka 2012 jarida moja la kitabibu la Marekani lilichapisha picha ya dereva wa lori wa miaka 69, aliyeendesha miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa dirishani, ulikuwa umejikunja vibaya. Wa kulia afadhali. Mtu mmoja, umri mmoja! Weusi wetu unatukinga, ndiyo maana makunyanzi yetu huchelewa kuliko ya wazungu, ila kinga sio ukuta. Shinyanga iko karibu na ikweta na juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Bibi amepalilia pamba tangu msichana. Na akina mama wanaoponda mawe kwenye machimbo madogo ya Geita, kule Nyarugusu kwa mfano, wanashinda kwenye jua lile lile. Ndugu zetu wenye ualbino, ambao hawana huo weusi, jua linawaumiza mapema zaidi, hadi saratani.

Wanaojipaka mkorogo wanajivua kinga hiyo kwa pesa yao wenyewe. Krimu nyingine zina dawa za steroidi, ambazo zinaifanya ngozi iwe nyembamba. Dada zangu mniwie radhi.

Halafu moshi. Miti Usukumani ilifyekwa sana, kwanza kuwaondoa mbung'o, baadaye kupanua mashamba ya pamba, hadi serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga mwaka 1986. Kuni zikiadimika, watu wanapikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe. Mnaojua moshi wa mavi ya ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha mnajua! Macho mekundu ya bibi yanaanzia hapo, kwenye ugali uliokukuza wewe. Na utafiti uliofanyika Uchina na kutoka 2015 uliona kwamba wanawake wanaopikia makaa na kuni wana makunyanzi zaidi usoni na mikononi.

Wilayani Magu, shirika la Maperece pamoja na HelpAge waliingiza majiko yasiyo na moshi mwingi katika kazi yao ya kuwalinda wazee. Sio kwa ajili ya mapishi tu, ni ili macho ya bibi yasiwe mekundu. Fundi wa udongo anajua kulijenga. Kama kijijini kwenu lipo, tuambieni hapo chini ni nani analijenga na kwa shilingi ngapi.