TREKTA DOGO NA KIINUA MGONGO CHA ASKARI: FUNZO KUTOKA NCHI JIRANI

Kila mwaka wapo askari wanaokabidhi sare na silaha, wakapokea haki zao na kurejea vijijini walikotoka. Wengi wao wanazo ekari chache za urithi, au walikwisha kununua shamba wakiwa bado kazini. Swali linalowakabili mapema kabisa ni hili: je, fedha ya kiinua mgongo inunue trekta dogo, au ifanye kazi nyingine?

Swali hili si geni. Limekwisha kuulizwa Kenya, Uganda, Zambia na Msumbiji, na serikali, na vyama vya ushirika, na watu binafsi. Majibu waliyoyapata wenzetu kwa gharama kubwa, askari wa leo anaweza kuyapata bure, iwapo atakubali kuyasikiliza kabla hajatia saini hati ya mauzo.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, maelfu ya askari wa King's African Rifles walirudi Kenya, Uganda, Nyasaland na Tanganyika kutoka Burma, Uhabeshi na Madagascar. Walikuwa na akiba mkononi, na wengi walikuwa wamejifunza udereva na ufundi jeshini. Wapo waliochanga fedha wakanunua malori yaliyokwisha kutumika vitani ili wafanye biashara ya uchukuzi. Nyingi za biashara hizo zilivunjika upesi. Magari yalikuwa yamechoka, vipuri vilikuwa haba, na leseni zilitolewa kwa upendeleo wa kikoloni. Ujuzi wa kuendesha walikuwa nao, lakini jeshini vipuri, mafuta na matengenezo vilikuwa juu ya bohari na karakana, wala si juu ya dereva. Uraiani, yote hayo yalimwangukia mwenye gari.

Waingereza wenyewe walianguka katika shimo hilo hilo, na kwa kishindo kikubwa zaidi. Mwaka 1947 walianzisha mpango wa karanga. Mpango ule haukuwa wa Tanganyika peke yake. Mashamba 107 yalikusudiwa, kila moja la ekari 30,000: 80 katika Tanganyika, 17 katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ndiyo Zambia ya leo, na 10 katika Kenya. Matrekta mapya hayakutosha, basi yakanunuliwa yaliyoachwa na majeshi, mengine kutoka Ufilipino. Hata vifaru aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta katika viwanda vya Vickers huko Uingereza, vikaitwa Shervick.

Kongwa iliyashinda yote hayo. Mibuyu na mizizi ya vichaka ilivunja vyuma, na udongo ulipokauka uligeuka mgumu kama saruji ukala majembe ya plau. Kabla mwaka 1947 haujaisha, theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa hayafanyi kazi. Mafundi walikuwa wachache, na vipuri vilikuwa ng'ambo ya bahari. Mpango ulifutwa Januari 1951, baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Matrekta yalihesabiwa kabla ya mvua kupimwa, kabla ya udongo kuchunguzwa na kabla ya karakana kujengwa.

Majina ya Kongwa na Nachingwea yalipata heshima nyingine baadaye, maana katika maeneo yale yale ya karanga wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika walipewa kambi katika miaka ya 1960. Huko Nachingwea walifunzwa wapiganaji wa FRELIMO walioikomboa Msumbiji mwaka 1975. Ajabu ni kwamba Msumbiji huru nayo ilijaribiwa na tamaa ya mashine. Baada ya Mkutano Mkuu wa Tatu wa FRELIMO mwaka 1977, nguvu kubwa ilielekezwa kwenye mashamba makubwa ya Serikali, na matrekta mengi pamoja na mashine za kuvunia yakaagizwa kutoka nje. Shamba kubwa kuliko yote lilikuwa katika bonde la Limpopo, huko Chókwè. Mafundi Wareno walikwisha kuondoka, fedha za kigeni zilikuwa haba, na hujuma za adui ziliongeza uzito. Mwaka 1983, Mkutano Mkuu wa Nne ulikiri kwamba mkulima mdogo alikuwa amesahauliwa, na shamba lile la Limpopo likagawanywa.

Zambia ilichukua njia ya ushirika. Januari 1965, Rais Kenneth Kaunda aliwaita wananchi, katika tamko la Chifubu karibu na Ndola, waunde vyama vya ushirika. Serikali ilitoa ruzuku kwa kila ekari iliyong'olewa visiki, na vyama vilikopeshwa fedha za matrekta. Nia ilikuwa njema. Lakini palipo na malipo ya kung'oa visiki, watu hung'oa visiki; si lazima walime. Malipo yalipokoma, vyama vingi vilikufa, mashamba yakarudi kuwa pori, na deni la trekta likabaki bila mtu wa kulilipa. Mashine iliyonunuliwa kwa sababu mkopo ulipatikana, wala si kwa sababu kazi yake ilikuwapo, haikudumu.

Uganda ina somo lililo karibu zaidi na shamba la mtu mmoja. Tangu miaka ya mwisho ya 1940, Idara ya Kilimo ilikuwa na huduma ya kuwakodisha wakulima matrekta, na baada ya uhuru wa 1962 huduma hiyo ilipanuliwa pamoja na mashamba ya vikundi. Trekta lilitifua ardhi kwa siku moja kiasi ambacho jembe la mkono lingechukua wiki nyingi. Ndipo ikaonekana kasoro ambayo wengi hawakuitazamia: palizi ilibaki ya mkono, na kuchuma pamba kulibaki kwa mkono. Aliyezoea ekari 2 akalimiwa 5, lakini mikono ya mkewe na watoto wake haikuongezeka. Magugu yakaisonga pamba, na mavuno ya ekari 5 yakakaribia yale ya ekari 2. Gharama, hata hivyo, ilikuwa ya ekari 5.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1960, wataalamu wa Makerere walibuni trekta dogo na rahisi katika shamba la chuo huko Kabanyolo, kaskazini ya Kampala. Kusudi lao lilikuwa jema: mashine ambayo mkulima wa kawaida angeimudu na fundi wa kijijini angeitengeneza. Hata hivyo trekta lile halikuenea. Kisha Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kuwafukuza Waasia, na pamoja nao wakaondoka wenye maduka ya vipuri na mafundi wengi wa karakana. Mwaka uliofuata bei ya mafuta ya petroli ikapanda maradufu na zaidi duniani kote. Amin alipong'olewa Aprili 1979, Uganda ilikuwa imekwisha kukaa miaka mingi katika ukame wa vipuri. Wakati huo huo, huko Teso, jembe la kukokotwa na maksai lililoletwa mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa lingali likilima, maana ng'ombe hahitaji kipuri kutoka ng'ambo. Hata Teso ilipoteza nguvu hiyo baadaye, wezi wa mifugo walipoyakumba makundi ya ng'ombe katika miaka ya 1980. Kwa hiyo maksai nao wanahitaji ulinzi na usalama.

Isidhaniwe kwamba trekta dogo ni kitu cha kulaumiwa kwa udogo wake. Harry Ferguson wa Ireland ya Kaskazini alithibitisha kinyume chake. Katika mtindo wake, plau haikokotwi nyuma kwa mnyororo, bali hushikwa kwa mikono mitatu inayoendeshwa kwa nguvu ya mafuta, hata uzito wa plau na wa udongo ukagandamiza magurudumu ya nyuma. Kwa njia hiyo trekta jepesi likaweza kazi ya trekta zito. Trekta lake la kijivu, TE20, lilitengenezwa huko Coventry kuanzia mwaka 1946 hadi 1956, na zaidi ya nusu milioni yaliuzwa. Matrekta mengi ya leo, makubwa kwa madogo, bado hutumia mikono mitatu hiyo.

Kenya inaonyesha mahali ambapo mashine imelipa. Kuanzia mwaka 1962, kwa mpango wa Ekari Milioni Moja, mashamba ya walowezi yalinunuliwa na kugawiwa familia zipatazo 35,000. Trekta lililokuwa likilima shamba moja la ekari elfu moja halikuweza kuwa mali ya mtu mwenye ekari 15. Katika Uasin Gishu na Trans Nzoia, kazi hiyo ikachukuliwa na wenye matrekta wanaolima mashamba ya wengine kwa malipo. Mwenye ekari chache hulipa kwa ekari na kurudi nyumbani bila deni la mashine. Mwenye trekta naye hupata faida, kwa kuwa jirani zake ni wengi, mashamba yamesafishwa visiki, barabara zinapitika, na mji wenye vipuri hauko mbali. Mambo hayo manne yakikosekana, faida nayo hukosekana.

Hapa nyumbani pia yapo ya kukumbukwa. Baada ya azimio la Kilimo Kwanza la mwaka 2009, matrekta ya mkono, ambayo wengi huyaita pawatila, yaliingizwa nchini kwa wingi. Katika majaruba ya mpunga, kama yale ya Mbarali, ambako udongo ni laini na maji yapo, yalifanya kazi nzuri. Yalipopelekwa kwenye ardhi ngumu ya nchi kavu, mengi yaliruka-ruka juu ya udongo bila kuukata, na yakaishia kuvuta matela. SUMA JKT nayo iliuza matrekta makubwa kwa mkopo, na baadaye ikalazimika kuwafuatilia wadaiwa wengi walioshindwa kulipa kwa wakati. Mashine ni ile ile. Udongo na hesabu za mnunuzi ndizo zinazotofautiana.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ichukuliwe kwamba askari mstaafu anazo ekari 10, na trekta lake linalima ekari 3 kwa siku. Kulima kutakwisha kwa siku 4; kusawazisha kwa haro kutakwisha kwa siku 4 nyingine. Mwaka una siku 365. Siku zilizobaki, trekta litasimama chini ya mti, huku betri ikifa, mpira ukipasuka kwa jua na riba ya mkopo ikiongezeka. Kwa hiyo ni lazima litafutiwe kazi: ekari za jirani, tela la kubeba mazao, mashine ya kupukuchua mahindi. Lakini mvua huwanyeshea wote siku moja. Majirani wote watalihitaji trekta katika wiki zile zile chache ambazo mwenyewe naye analihitaji. Anayesema atalima ekari 100 za watu na ahesabu kwanza kama siku 34 za kulima zinapatikana katika msimu wa kwao.

Jambo la pili katika hesabu hiyo ndilo linalowaangusha wengi. Mwenye trekta akipokea malipo ya ekari moja, huondoa bei ya dizeli na posho ya dereva, na kinachobaki hukiita faida. Hiyo bado si faida. Ndani yake mmo bei ya filta na ya plau mpya, matengenezo ya injini yatakayokuja, na sehemu ya fedha ya kununulia trekta jingine hili litakapochakaa. Asiyeitenga anakula trekta lake mwenyewe kidogo kidogo, na atagundua siku injini itakapokufa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi askari anayefikiria trekta dogo afanye kama afanyavyo kamanda kabla ya kusogeza kikosi: apeleleze kwanza. Alitazame likilima katika udongo wa kwao wakati wa kiangazi, si katika uwanja wa muuzaji. Aulize kipuri kiko umbali gani na fundi ni nani. Aihesabu mikono itakayopalilia, maana aghalabu mzigo huo humwangukia mama wa nyumbani, ambaye hakuulizwa. Akodi trekta la mwingine kwa misimu miwili na kuandika kila shilingi. Baada ya hapo daftari lake litampa jibu. Likionyesha kwamba kukodi ni nafuu, aendelee kukodi, na kiinua mgongo kinunue ng'ombe, kichimbe kisima au kiezeke nyumba. Likionyesha kwamba kazi ya kutosha ipo na jirani wanangoja, anunue bila hofu, maana atakuwa anajua idadi ya ekari na ya siku zitakazoirudisha fedha yake.

Serikali iliyopoteza mamilioni ya pauni Kongwa ilikuwa na hazina nyingine ya kuchotea. Kiinua mgongo cha askari hulipwa mara moja tu.