Jina Lililofichwa Ndani ya Katriji

Kuna programu ambazo ukibonyeza vitufe fulani kwa mpangilio fulani unakuta majina ya walioziandika, au mchezo mdogo ambao haukutajwa popote. Kitu kama hicho wanaprogramu hukiita yai la Pasaka. Wengi hudhani ni utani wa vijana waliochoka kukodolea skrini macho. Jina hilo lina historia, na historia yenyewe ni ugomvi wa kazi: nani aandikwe, nani alipwe, na nani anaweza kufungasha virago akaondoka.

Tuanze na Warren Robinett. Mwaka 1977 aliajiriwa na Atari, huko Sunnyvale, California, na akaandika gemu iitwayo Adventure kwa ajili ya mashine ambayo baadaye ilijulikana kama Atari 2600. Kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa akilipwa dola kama 22,000 kwa mwaka. Adventure iliuza katriji milioni moja, kila moja kwa dola zipatazo 25. Piga hesabu mwenyewe. Katika hizo, Robinett hakuongezewa hata senti, na jina lake halikuandikwa popote. Sera ya Atari ilikuwa kutomtaja mwandishi yeyote, maana jina likijulikana washindani wangekuja kumrubuni.

Robinett hakubishana na mtu. Alitengeneza chumba cha siri ndani ya gemu. Ili kukifikia, mchezaji alipaswa kuokota nukta moja ndogo, yenye rangi sawa na sakafu, kisha aibebe hadi kwenye ukuta fulani. Akipita hapo anakuta maandishi yanayosema kwa Kiingereza kwamba gemu hii imetungwa na Warren Robinett. Hakumwambia mtu. Mwaka 1979 aliacha kazi.

Mwaka 1980 kijana wa miaka 15 kutoka Salt Lake City aliwaandikia Atari barua kuwaeleza alichokiona. Kuliondoa jina kungehitaji kutengeneza upya kiolezo cha chipu, gharama ya dola kama 10,000. Meneja mmoja, Steve Wright, akasema liachwe, na tena gemu nyingine ziwekewe siri kama hizo, mfano wa mayai ambayo watoto hufichiwa wakati wa Pasaka. Lile halikuwa jina la kwanza kufichwa ndani ya gemu, lakini ndilo lililoipa desturi hiyo jina lake.

Sisi wasomaji wa Kiswahili hatupaswi kushangaa. Watunzi wa tenzi walikuwa na mazoea ya kujitaja katika beti za mwisho, ili msomaji ajue nani aliyeketi akaitunga kazi ile. Robinett alifanya hivyo hivyo, ila yeye ilibidi ajifiche.

Sasa kwa nini alihisi kwamba gemu ile ni yake? Itazame mashine yenyewe. Atari 2600 ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128. Ujumbe mmoja wa SMS una baiti 140. Yaani hali nzima ya gemu, mahali alipo mchezaji, adui wako wapi, pointi ni ngapi, vyote vilikaa katika nafasi ndogo kuliko SMS. Wala hapakuwa na kumbukumbu ya kuhifadhia picha. Chipu ya michoro ilijua mstari mmoja tu wa televisheni kwa wakati mmoja, na mwanaprogramu alilazimika kuilisha mstari baada ya mstari huku picha ikichorwa. Kwa kila mstari prosesa ilikuwa na mapigo 76 tu, na amri moja hula mapigo mawili au zaidi. Ukichelewa kidogo, picha inavurugika. Msimbo wote wa Adventure, pamoja na vyumba vyake 30, ulitoshea kwenye kilobaiti 4.

Tena mtu mmoja ndiye aliyefanya yote. Alibuni kanuni za mchezo, akachora, akatunga sauti, akaandika msimbo, akasaka makosa. Leo gemu kubwa huwa na mamia ya watu. Wakati ule katriji ilikuwa ya mtu mmoja kama kitabu kilivyo cha mwandishi wake.

Mkuu wa Atari hakuiona hivyo. Warner Communications ilikuwa imeinunua Atari mwaka 1976 kutoka kwa Nolan Bushnell na wenzake kwa dola milioni 28 hivi. Mwaka 1978 ikamleta Ray Kassar, aliyetoka kampuni ya nguo ya Burlington. Tusimwonee. Kassar alijua kuuza. Chini yake Atari iliacha kungoja msimu wa Krismasi ikauza mwaka mzima, na mapato yakapita dola bilioni 2 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini kwake gemu ilikuwa bidhaa ya kiwandani kama taulo.

Kisha ukaja waraka. Idara ya mauzo iliwagawia wanaprogramu karatasi inayoonyesha kila gemu imeleta asilimia ngapi ya mauzo ya mwaka 1978. Nia ilikuwa wajue kinachouzika waandike zaidi cha aina hiyo. Wanne kati yao, David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead, wakaichukua karatasi ile wakajumlisha gemu zao. Wakakuta wao wanne wameleta karibu asilimia 60 ya mauzo ya katriji ya dola milioni 100. Kila mmoja wao alikuwa analipwa chini ya dola 30,000.

Walikwenda kwa Kassar na maombi mawili: majina yao yaandikwe, na wapate mrabaha kidogo kwa kila katriji inayouzwa. Halikuwa jambo la ajabu. Warner hiyo hiyo ilikuwa na kampuni za muziki, na kila sahani ya santuri iliyotoa ilikuwa na jina la mwimbaji, na mwimbaji alilipwa mrabaha. Crane amesimulia mara nyingi jibu walilopewa: kwamba wao hawana umuhimu kumzidi mfanyakazi wa kiwandani anayepanga katriji kwenye maboksi. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema wahenga. Hawa walicheza kwao wakaambiwa waendelee kucheza.

Wakaondoka. Oktoba 1979 wakaanzisha Activision pamoja na Jim Levy, mtu aliyetoka kwenye biashara ya muziki, na Julai 1980 gemu zao za kwanza zikaingia sokoni. Jina la mwandishi lilitajwa waziwazi, na kwenye kijitabu cha maelekezo kulikuwa na picha yake na ushauri wake kwa mchezaji. Mwaka 1982 Crane akatoa Pitfall!, iliyouza nakala zaidi ya milioni 4.

Hapa ndipo pa kutazama kwa makini, maana huwa panasimuliwa kana kwamba ni ushujaa peke yake. Wale wanne walikuwa na vipaji, ndiyo, lakini pia walikuwa na mlango. Atari 2600 haikuwa na kufuli. Katriji yoyote iliyoandikwa sawasawa ingefanya kazi, iwe imetoka Atari au gereji ya jirani. Atari ilikimbilia mahakamani mwaka 1980 ikidai siri zake zimeibwa, na mwaka 1982 pande mbili zikapatana: Activision ilipe mrabaha, iendelee na kazi. Tangu hapo ikawa dhahiri kwamba kampuni moja inaweza kutengeneza mashine na nyingine ikaiandikia programu bila kuomba ruhusa. Wengine wa Atari walifuata, wakaanzisha Imagic mwaka 1981.

Lakini mlango ulio wazi hauchagui mgeni. Kufikia 1982 kila aliyeweza kupata mtaji alikuwa anatoa katriji, nyingine mbovu kabisa. Atari nayo haikujifunza. Julai mwaka huo ilimpa Howard Scott Warshaw wiki tano kuandika gemu ya filamu ya E.T. ili iwahi Krismasi, kazi ambayo kwa kawaida ingechukua miezi mitano au zaidi. Mamilioni ya katriji yalitengenezwa na mengi hayakununuliwa. Soko likaporomoka. Mwaka 1983 Atari ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 500, Kassar akaondoka Julai, na Septemba malori yakamwaga katriji katika jalala la Alamogordo, New Mexico, zikafukiwa. Aprili 2014 zilifukuliwa, na E.T. ilikuwamo.

Wakubwa wa teknolojia walijifunza somo lao. Nintendo ilipoleta NES Marekani mwaka 1985, iliweka ndani chipu iitwayo 10NES. Katriji isiyo na chipu pacha haikukubaliwa. Aliyetaka kuuza gemu alihitaji leseni, Nintendo yenyewe ndiyo iliyotengeneza katriji, na mwenye leseni aliruhusiwa gemu tano kwa mwaka. Sababu iliyotolewa ilikuwa ubora, na kwa kweli takataka zilipungua. Lakini mtu wa mwaka 1986 aliyetaka kufanya walichofanya Crane na wenzake alikuta mlango una kufuli na ufunguo uko mfukoni mwa mtu mwingine.

Ukiandika programu za simu, unaijua habari hii. App Store ya Apple ilifunguliwa Julai 2008 kwa mpango huo huo: hupiti ila kwa ruhusa yao, na asilimia 30 ya mauzo ni yao. Tangu 2021 wadogo wanatozwa 15, na mwaka 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya ililazimisha mlango ufunguliwe kidogo huko kwao. Hayo hayakuletwa na ukarimu wa mwenye ufunguo. Yalitanguliwa na kesi na shinikizo la miaka.

Na wale waasi je? Electronic Arts ilianzishwa mwaka 1982 na Trip Hawkins kwa ahadi kwamba wanaprogramu ni wasanii. Gemu zake za mwanzo ziliwekwa ndani ya majalada kama ya santuri. Novemba 2004 ikatokea barua ya wazi ya mchumba wa mfanyakazi wa EA, akieleza watu wanavyofanya kazi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 4 usiku, siku saba kwa wiki, bila malipo ya saa za ziada. Kesi za wafanyakazi ziliishia EA kukubali kulipa dola milioni 15.6 kwa wachoraji na milioni 14.9 kwa wanaprogramu.

Activision yenyewe ilipita mikononi mwa wengine. Waanzilishi waliondoka mmoja mmoja katika miaka ya 1980, na mwaka 1991 Bobby Kotick na washirika wake wakaichukua. Machi 2010 iliwafukuza Jason West na Vince Zampella, wakuu wa studio iliyotengeneza Modern Warfare 2. Wao wakashtaki wakidai mrabaha wao, kampuni ikawashtaki nao, na mwaka 2012 wakapatana nje ya mahakama. Madai yalikuwa yale yale ya 1979: tumeleta pesa, tupeni fungu letu. Safari hii Activision ilikuwa imekaa kwenye kiti cha Kassar.

Mimi sisemi kwamba Crane na wenzake walikuwa wanafiki. Walitendea haki watu wao walipokuwa na uwezo. Tatizo ni kwamba haki hiyo ilitegemea nani ameketi ofisini, na waliopo ofisini hubadilika. Ndiyo maana jambo lililonivutia zaidi miaka ya karibuni halikutoka kwa nyota yeyote. Mei 2022 wakaguzi wa ubora wa Raven Software, studio ya Activision, watu wa daraja la chini kabisa katika biashara hiyo, walipiga kura 19 kwa 3 kuunda chama cha wafanyakazi. Oktoba 2023 Microsoft ikainunua Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7, na Januari 2024 ikatangaza kupunguza watu 1,900 katika kitengo chake cha gemu. Chama hakizuii hayo yote. Lakini kinaweza kuweka kwenye maandishi yale ambayo Kassar aliyakataa kwa mdomo, na maandishi hayastaafu pamoja na bosi.

Sisi wa Kenya tuna neno moja la kukumbuka. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema kazi uliyoifanya ukiwa umeajiriwa, au uliyoagizwa na mteja, hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwa mwajiri au mteja huyo, isipokuwa mkataba wenu useme vinginevyo. Sheria hiyo hiyo inamwachia mtunzi haki ya kujulikana kuwa ndiye mtunzi, hata baada ya haki za kibiashara kuhama. Robinett alilazimika kutafuta hiyo kwa nukta ya kijivu.

Uzito wote uko kwenye "isipokuwa". Hapo ndipo mrabaha unapoingia, au haki ya kutumia tena maktaba uliyojiandikia kabla hujamjua mteja, au fungu lako programu ikiuzwa nchi nyingine. Ukisaini bila kusoma, umekubali jibu la Kassar. Kabla ya kufikiria mahali pa kuficha jina lako, soma mkataba, na ujue kama mashine unayoiandikia ina mlango wa kutokea.