Kicheko Nyuma ya Ukuta: Kyela na Wachekeshaji wa Luninga ya Zamani

Luninga ilipoanza kuingia kwenye sebule za Kyela, walikuwapo watazamaji ambao picha yenyewe hawakuiona. Hao ni wakwe. Mila ya Kinyakyusa inamkataza mke wa mtoto kukaa mahali pamoja na baba mkwe wake. Akimwona njiani hukwepa, akimsikia akikohoa hujisitiri. Monica Wilson, aliyeishi na mumewe Godfrey kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliiandika mila hiyo kwa kirefu. Imelegea sana tangu siku zake, lakini miaka ya mwisho ya 1990 ilikuwa bado hai katika nyumba za wazee. Basi mzee akishakaa kwenye kiti chake, watoto wamejazana mkekani na majirani wamesimama mlangoni, mke wa kijana alibaki jikoni, ungo wa mchele mapajani, masikio yameelekea sebuleni. Mchekeshaji Mzee Small akifoka, naye anacheka, khanga mdomoni asije akasikika.

Mmoja wao alikuwa jirani yetu. Kesho yake mtoni, ndoo zikiwa zimepangwa na wenzake wamemzunguka, aliweza kuurudia mchezo mzima: sauti ya mume, sauti ya mke, mlango unavyogongwa, mtu anavyokabwa na tonge. Sura ya mchekeshaji hakuwahi kuiona. Sisi tulioiona hatukuweza hata nusu ya aliyoyafanya yeye.

Ndiyo maana naamini historia ya vichekesho vya luninga katika pwani hii ya kaskazini ya Ziwa Nyasa haianzi na luninga. Watu wa hapa walikutana na wachekeshaji kwa sikio muda mrefu kabla ya kukutana nao kwa jicho, na hadi leo wanawakumbuka kwa sauti.

Kuiga watu kwenyewe ni kwa zamani zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vijana wa vijiji vinavyolizunguka ziwa, upande huu na upande wa Malawi, walianza kucheza mganda na malipenga, ngoma zilizoiga gwaride na bendi za askari wa kikoloni. Mwanahistoria Terence Ranger alizichunguza pamoja na ngoma ya beni katika kitabu chake cha mwaka 1975. Tarumbeta hawakuwa nazo, wakatengeneza za vibuyu. Kibuyu kilitobolewa tundu dogo, na juu ya tundu ukabandikwa utando wa buibui, ule mweupe mzito unaofunika mayai yake. Mtu akiimbia ndani ya kibuyu, utando hutetemeka na sauti hutoka ikikwaruza kama shaba. Walivaa kaptula zilizopigwa pasi, wakajipa vyeo vya kijeshi, wakashindana kijiji kwa kijiji. Mganda ni ngoma yenye nidhamu kali, na wenyewe hawapendi iitwe kichekesho. Hata hivyo aliyemtazama kijana wa ziwani akitembea kama afisa wa Kiingereza alikuwa amekwishapata somo la kwanza la maigizo: namna ya kumwazima mtu mwendo wake.

Mjini mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Watafiti wa sanaa za maonyesho wanasema vichekesho vya jukwaani vilianza kuchipua kwenye miji ya Tanganyika kati ya vita viwili vya dunia, na filamu za Charlie Chaplin zilichangia. Mwaka 1952 ikaja filamu ya Kiswahili Muhogo Mchungu. Aliyeicheza ni kijana aitwaye Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Mara nyingi nimewasimulia vijana jambo hili na wengi hawaamini: kabla ya nchi kumjua kama kiongozi, ilimjua kama mwigizaji.

Kilichofika Kyela kwa uhakika ni redio. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na kufikia 1965 chombo kile kilikuwa kinaitwa Radio Tanzania. Mawimbi yake mafupi yaliuvuka mlima Rungwe yakashuka hadi kwenye migomba ya bondeni. Betri zilikuwa ghali, zikiisha nguvu zilianikwa juani juu ya bati pamoja na usipa, dagaa wa ziwani, jioni zikarudishwa redioni zikaimba nusu saa nyingine. Nusu saa hiyo haikupotezwa kwa hotuba. Iliwekewa michezo.

Katika michezo hiyo Pwagu na Pwaguzi walikaa kwenye kiti cha mbele. Jina lao lilitoka kwenye methali ya kwamba pwagu hupata pwaguzi, mwizi hukutana na mwizi mwenziwe aliyemzidi. Kila kipindi kilikuwa njia mpya ya kufika mahali pale pale: wajanja wawili wanapanga ulaji, na ulaji unawatokea puani. Rajabu Hatia, aliyekuwa Pwagu, alikuwa na sauti ambayo mtoto wa Ipinda hapa Kyela aliitambua kabla jina halijatajwa. Mzee Jangala naye, yaani Bakari Mbelemba, alileta ile sauti ya mzee mwenye hoja ndefu na haraka fupi. Redio iliwalazimisha wachekeshaji hawa kuweka kila kitu kwenye koo: unene, uzee, woga, njaa. Msikilizaji alimalizia sura mwenyewe, na kila kijiji kilimpa Pwagu uso wa mtu wake.

Kulikuwa pia na vikundi vya maonyesho, na hapa ziwa lina mtu wake wa kujivunia. Kapteni John Komba alizaliwa mwaka 1954 Lituhi, kwenye pwani ya mashariki ya ziwa hili hili. Alikuwa mwalimu, akawa mwanajeshi, na mwaka 1992 akawa kiongozi wa Tanzania One Theatre, TOT. Onyesho moja la TOT, au la wapinzani wao Muungano wa Norbert Chenga, lilikuwa na kila kitu kwa kiingilio kimoja: ngoma, kwaya, sarakasi, taarabu, mchezo wa kuigiza, na kichekesho katikati watu wapumue. Marekani na Uingereza zilikuwa na vipindi vya namna hiyo kwenye luninga kwa miaka mingi. Sisi tulikuwa navyo vinasafiri kwa lori. Komba alifariki Februari 28, 2015, na wengi nje ya ukanda wa ziwa wanamkumbuka kwa nyimbo za siasa tu. Hiyo ni kumpunja. Alijua kuupanga usiku mzima wa burudani, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kuimba.

Luninga yenyewe ilichelewa. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi. Bara serikali iliiona kuwa anasa kwa nchi yenye mahitaji mengine, hadi mwaka 1994 vituo binafsi, ITV kikiwemo, vilipofungua njia. Televisheni ya Taifa ilikuja miaka kadhaa baadaye. Kutoka Dar es Salaam hadi Kyela ni safari ya siku nzima kwa basi, na picha nazo hazikuwa na haraka. Aliyetaka kuona alihitaji dishi, na umeme. Vijiji vingi vilisubiri Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007.

Kwa hiyo kwa wengi wetu luninga ya kwanza ilikuwa banda la video: kuta za mabanzi, turubai, mabenchi, jenereta linalonguruma nje, na kijana wa kiingilio anayepokea sarafu ya shilingi 50 huku akiwahesabu wanaochungulia matunduni. Baada ya mavuno ya mpunga banda lilijaa hadi watu wakakaliana. Kanda zilikuwa zimechoka. Picha ikianza kukata mistari, mwenye banda alifungua deki, akachukua kipande cha karatasi laini, akakilowesha spiriti na kukizungusha taratibu kwenye hedi, na banda zima likanyamaza kama watu walio chumba cha upasuaji. Picha ikirudi, makofi yalikuwa yake.

Hapo ndipo sauti zilipopata nyuso. Said Ngamba, Mzee Small, mzaliwa wa Kilwa, alikuwa mfupi kama jina lake linavyosema, na ufupi ule ulikuwa silaha: kadiri alivyofoka ndivyo alivyozidi kuonekana mdogo. Mchezo wake mkuu ulikuwa wa mume na mke, na Bi Chau alimjibu neno kwa neno bila kumwachia pumzi. Amri Athumani wa Tanga, King Majuto, alichekesha kwa njia tofauti kabisa. Yeye hakuharakisha. Alitazama. Mtu alimweleza jambo, akamtazama, akatazama pembeni, akamrudia, na kabla hajasema neno banda lilikuwa limekwishaangua kicheko. Alianza kuigiza utotoni, miaka ya 1950, na alipofika mbele ya kamera alikuwa ameshajifunza kwenye majukwaa ya kawaida kwamba kimya kinachekesha. Kwangu mimi hakuna mchekeshaji wa Kiswahili aliyeutumia uso wake vizuri kumzidi.

ITV ilileta pia michezo ya Mambo Hayo na Kaole. Michezo ya Tufani na Jahazi haikuwa vichekesho, lakini Mzee Kipara, yaani Fundi Said, akiingia tu, watoto waliokuwa wanasinzia waliamka. Wakenya nao walikuwa na Vitimbi, na Mzee Ojwang, Benson Wanjau, anastahili kuwekwa meza moja na Small na Majuto. Alifariki Julai 2015, mwaka mmoja baada ya Mzee Small.

Kisha wakaja vijana. Ze Comedy walianzia EATV, na mwaka 2008 walikuwa wamehamia TBC1 kama Ze Orijino Komedi: Joti, Masanja, Mpoki, Wakuvanga, Mac Regan, Vengu. Wao waliigiza taarifa ya habari, wabunge, wachungaji, na lafudhi za nchi nzima. Lafudhi ya Kinyakyusa haikuachwa. Wapo wazee wa Kyela waliokasirika, wakisema mtoto wao aliye chuo Dar es Salaam atachekwa akifungua mdomo. Nawaelewa. Lakini niliona pia wazee wengine wakimsahihisha mchekeshaji kwenye skrini, wakitamka wenyewe lile neno inavyopaswa, halafu wakicheka hadi machozi. Mwenye lafudhi akiwa amekaa kwenye kiti chake na watu wake, kuigwa ni heshima. Katika DVD za mitaani alikuwapo Senga, Ulimboka Mwalulesa, pamoja na mwenziwe Pembe. Jina linaloanza na Mwa-, kama ya Wanyakyusa wengi, likisomwa kwenye kasha, Kyela hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi. Masanja alipendwa hapa kwa sababu yake mwenyewe: alipojulikana kuwa ni mkulima wa mpunga kule Mbarali, watu wa mpunga walimhesabu kuwa wao.

Jambo moja la uchungu lazima lisemwe. Kanda na DVD zilizojaza mabanda haya hazikuwajaza mifuko waliozicheza. Mwaka 2018 King Majuto alipougua hadi kupelekwa India, nchi iliona hali ya mtu aliyeichekesha kwa miaka zaidi ya 50. Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo wakati huo alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe, aliyekuwa pia mbunge wetu wa Kyela, naye akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki Agosti 8 mwaka huo, Muhimbili. Mzee Small alikuwa amefia hospitali hiyo hiyo Juni 7, 2014. Usiku wa habari ya Majuto, baa moja karibu na stendi ya Kyela ilizima muziki ikaweka moja ya filamu zake. Watu walicheka pale walipozoea kucheka. Hakuna aliyeona ajabu.

Sasa kanda zenyewe zinakufa. Kyela ni bonde la joto na mvua nyingi, mafuriko huingia majumbani, na ukungu mweupe huota juu ya utepe wa video kama unavyoota juu ya kiatu kilichosahauliwa chini ya kitanda. Kanda iliyoshika ukungu ikiingizwa kwenye deki mara moja, huchafua hedi na kuharibu kanda inayofuata. Za Radio Tanzania ziko mikononi mwa shirika la utangazaji la taifa, TBC. Zilizorekodiwa majumbani, kwenye maharusi ambako kikundi cha mtaani kiliigiza, au zilizonunuliwa sokoni na hazijatolewa tena, hazina mlinzi isipokuwa aliyezihifadhi.

Kama unayo moja, iwe Matema, Ngonga, Ipinda au ng'ambo kule Karonga, usiitupe na usiijaribu kwenye deki bovu. Ifunge kwenye mfuko mkavu, umtafute mwenye chombo cha kunakili kabla ya masika. Na kama nyumbani kwenu yupo mama aliyekuwa mkwe miaka ile, aliyecheka jikoni khanga mdomoni, mwombeni awaigizie Mzee Small na Bi Chau kama alivyowasikia. Washeni simu, mumrekodi.