Handaki la Mlima Afton

Njia yenyewe ni fupi. Ukianzia upande wa mashariki, katika kijiji cha Afton, jimbo la Virginia nchini Marekani, unatembea kama kilomita moja hivi juu ya changarawe, na pembeni yako treni za siku hizi bado zinapita. Hakuna kiingilio. Unashauriwa tu kuchukua tochi na koti, hata kama nje ni kiangazi. Mimi koti nililiacha garini, nikajuta kabla sijafika hatua ya hamsini.

Handaki la Blue Ridge lina urefu wa futi 4,273, yaani mita 1,302 hivi. Lilichimbwa kuanzia mwaka 1850, na treni ya kwanza ikapita Aprili 1858. Nchi ile haikuwa na handaki la reli refu kuliko hilo wakati huo. Mhandisi wake alikuwa Claudius Crozet, Mfaransa aliyewahi kuwa ofisa katika jeshi la Napoleon na kutekwa na Warusi mwaka 1812. Wachimbaji walianza pande zote mbili za mlima, wakakutana tarehe 29 Desemba 1856, na hitilafu baina ya mashimo yao haikufika hata inchi moja. Kwa vipimo vya kamba na darubini, huo ni ufundi wa kuvuliwa kofia, nami navua.

Lakini ndugu msomaji, ukisimama mle ndani huoni vipimo. Unaona mwamba. Sehemu fulani umejengewa matofali yaliyojaa masizi. Kwingine uko wazi, na ukiusogezea tochi utaona mifereji myembamba, minyoofu, yenye upana wa kidole gumba. Hayo ni mabaki ya matundu ya baruti. Baruti kali ya Nobel ilikuwa haijavumbuliwa. Mtu mmoja alishika tindo refu la chuma, mwenzake akalipiga nyundo, na baada ya kila pigo aliyeshika akalizungusha kidogo. Marehemu baba alikuwa fundi mwashi, nami utotoni nilimshikia tindo. Najua mkono unavyokufa ganzi, na najua jicho linavyoifuata nyundo. Tundu likifika kina, lilijazwa baruti nyeusi, utambi ukawashwa, watu wakakimbia. Kisha wakarudi ndani ya moshi kuzoa mawe.

Upande wa magharibi ulikuwa juu kuliko wa mashariki, kwa hiyo waliochimba kutoka huko walishuka, na maji ya mlima yakawafuata. Farasi waliendesha pampu. Crozet akatandaza pia bomba refu la chuma la kunyonya maji na kuyapandisha mpaka nje.

Walioshika nyundo wengi wao walikuwa Waayalandi, waliokimbia njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 viazi vilipooza kwao. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia katika vibanda vyao. Pamoja nao walikuwako Waafrika, watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Wao walifanya kazi, na ujira ukaenda kwa mwenye mali. Kuhusu baruti, hesabu ya zama zile ilikuwa baridi kuliko hewa ya handaki: mtumwa akifa, bwana amepoteza fedha, Mwayalandi akifa, asubuhi anaajiriwa mwingine. Sijui ni yupi kati yao aliyekuwa na bahati kuliko mwenzake, wala sipendi kushindanisha misiba.

Mwaka 1944 treni zilikuwa zimekuwa kubwa mno kwa tundu lile, likachimbwa jingine jirani. La zamani likafungwa. Katika miaka ya 1950 zilijengwa kuta nene za zege ndani yake ili ihifadhiwe gesi, mpango ambao haukufanikiwa. Novemba 2020, baada ya kuta hizo kutobolewa, wenye miguu wakafunguliwa mlango.

Katikati nilizima tochi. Mlango wa nyuma ulikuwa nukta ya mwanga, na wa mbele nukta nyingine. Maji yalidondoka. Niliingiza kidole katika mmoja wa mifereji ile, nikaupapasa toka juu hadi ulipokoma. Ulikuwa laini kuliko nilivyotazamia, kwa kuzungushwa-zungushwa kwa lile tindo. Familia moja ikapita na mbwa wao, taa vichwani, wakanisalimu kwa mashaka kidogo. Mtu mzima, gizani, kakumbatia ukuta.

Jioni, nikirudi kuelekea Charlottesville, nilipita karibu na mji mdogo uitwao Crozet. Nilipunguza mwendo kwenye kibao chake, nikakisoma, nikaendelea. Kidoleni bado nilikuwa na masizi.