Mto Kongo na hewa ukaa inayovutwa na Bahari ya Atlantiki

Kila sekunde Mto Kongo humwaga wastani wa mita za ujazo 41,000 za maji matamu katika Bahari ya Atlantiki, magharibi kabisa mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ni mto Amazon pekee unaoupita kwa wingi wa maji. Maji hayo hayaendi mikono mitupu: hubeba tope, madini ya miamba, mabaki ya majani na rangi ya chai nzito inayotoka katika misitu yenye vinamasi ya bonde la kati. Yakishafika baharini hugusa jambo linalowahusu hata wasioishi pwani, nalo ni kiasi cha hewa ukaa ambacho bahari inaweza kuivuta kutoka angani.

Kwa jumla, bahari za dunia hufyonza takriban robo ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Lakini si kila bahari hufanya kazi hiyo kwa kiwango kimoja. Maji yakiwa na hewa ukaa nyingi kuliko anga iliyo juu yake, huitoa. Yakiwa nayo kidogo, huivuta. Sehemu kubwa ya Atlantiki ya tropiki, ikiwemo Ghuba ya Guinea ambako maji ya kina hupanda juu, huelekea kuitoa.

Hapo ndipo mto unapobadilisha hesabu, na hufanya hivyo kwa njia mbili zinazokinzana. Mto Kongo hupeleka baharini takriban tani milioni 14 za kaboni ya mimea na udongo kwa mwaka, zaidi ya nne kwa tano yake ikiwa imeyeyuka majini. Bakteria huila kaboni hiyo na kutoa hewa ukaa. Aidha, weusi wa maji huzuia mwanga, hivyo karibu na mlango wa mto mwani hauwezi kustawi vyema.

Mbali zaidi na pwani, hali hugeuka. Maji matamu, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu na kutandaa kwa mamia ya kilomita. Tope hutua, mwanga hupenya, na virutubisho vya mtoni, hasa fosforasi na silika, huulisha mwani. Mwani hutumia hewa ukaa kama mimea ya nchi kavu ifanyavyo, na maji yaliyopungukiwa huanza kuivuta kutoka angani. Katika Amazon, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2008 walionyesha kwamba jambo hilo huweza kuligeuza eneo la bahari ambalo lingetoa hewa ukaa kuwa eneo la kuivuta. Si mito yote iliyo hivyo: utafiti wa mwaka 2023 kuhusu mto Mackenzie wa Kanada ulionyesha mizigo ya mto huo ikiifanya bahari ya Aktiki iliyo jirani itoe hewa ukaa.

Mto Kongo una jambo jingine la pekee. Korongo refu la chini ya bahari huanzia ndani ya mlango wake wenyewe. Mwezi Januari 2020, baada ya mafuriko makubwa ya mto, maporomoko ya tope yalikimbia ndani ya korongo hilo kwa zaidi ya kilomita 1,100. Nyaya mbili za mawasiliano zilikatika na intaneti ikalegea katika nchi kadhaa za Afrika. Wengi walikumbuka usumbufu huo tu. Ila tope hilo lilibeba pia mabaki ya mimea hadi kwenye kina ambako kaboni huweza kufukiwa kwa karne nyingi.

Sehemu ya safari hii huanzia Rwanda na Burundi. Mvua inayonyesha magharibi mwa safu ya milima inayotenga Kongo na Nili hupitia Rusizi, Ziwa Tanganyika na mto Lukuga hadi Lualaba, ingawa maji mengi ya ziwa hilo huishia kwa mvuke. Inayonyesha mashariki huelekea Mediterania. Huko, baada ya bwawa kuu la Aswan kuanza kuzuia maji miaka ya 1960, virutubisho vya mafuriko vilipungua na uvuvi wa dagaa mbele ya delta ukaporomoka.

Vinamasi vya bonde la Kongo, katika nchi zote mbili za Kongo, vimehifadhi takriban tani bilioni 30 za kaboni. Utafiti uliofanywa mashariki mwa nchi na kuchapishwa mwaka 2019 ulibaini kwamba mito inayopita penye misitu iliyofyekwa hubeba kaboni iliyokaa ardhini zaidi ya miaka elfu, ambayo bakteria huila upesi na kuirudisha angani. Kaboni ya namna hiyo haingojei kufika baharini.

Kwa upande wa mabwawa, Inga 1 na Inga 2, yaliyokamilika 1972 na 1982, hayakuuziba mkondo mkuu. Mpango wa Grand Inga, ukitekelezwa kikamilifu, utauziba. Mjadala wake umejikita katika umeme, fedha na wakazi watakaohamishwa; tope na silika zinazoilisha Atlantiki hutajwa kwa nadra.